Bendera Iliyookotwa Harlow Creek

CHAMA CHA WAAMUZI WA FUTIBOLI YA KIMAREKANI YA VYUO, IOWA KASKAZINI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumatatu, 18 Novemba 2024. Asubuhi ukungu, barafu nyembamba barabarani. Kikao kilichelewa hadi saa 3:20.
Mahali: Ukumbi wa chini, Kanisa la Kilutheri, Harlow Creek.

Waliohudhuria: Bw. V. Stahl (Mwenyekiti), Bi A. Lindgren (Katibu, hana kura), Bw. C. Pomeroy na Bw. W. Hatch (wajumbe).
Walioalikwa: Bw. L. Osterhaus (refa mkuu), Bi R. Kubik (mwamuzi wa pembeni).
Asiyehudhuria: Bw. Pruett. Gari lake liliingia mtaroni, mwenyewe mzima.

KUMB. NA. 1/11/24: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba jambo ni moja: nani achezeshe fainali ya Jumamosi. Alikuwa amepangiwa Bw. Osterhaus, ambaye anastaafu baada ya mechi hiyo. Chuo cha Wexley kimelalamika juu ya mechi aliyoichezesha kati yao na Chuo cha Brandt.

KUMB. NA. 2/11/24: MECHI YA BRANDT NA WEXLEY
Bi Kubik alieleza kwamba katika mchezo wa mwisho beki wa Brandt alimvuta jezi mpokeaji wa Wexley kabla mpira haujamfikia, naye akarusha bendera ya kosa. Waamuzi wakakutana katikati ya uwanja wa hapa Harlow Creek, bendera ikaokotwa, yaani kosa likafutwa, Brandt wakashinda. Aliyetangaza kwa kipaza sauti kwamba hakuna kosa ni Bw. Osterhaus, na lawama zote zimemwangukia yeye.

Video ilionyeshwa mara tatu. Jezi ilivutwa.

Bw. Pomeroy alimuuliza Bi Kubik kwa nini alikubali iokotwe. "Bendera si leso, mama, useme imekuponyoka."

Bi Kubik alijibu kwamba huu ni msimu wake wa kwanza, na mwenzake mzoefu alishikilia kwamba yeye ameona vizuri zaidi. Alipoulizwa ni nani, alimtazama Bw. Osterhaus.

Bw. Osterhaus alisema: "Kofia nyeupe ya refa mkuu naivaa mimi peke yangu. Ya katikati ya uwanja yanabaki huko huko."

KUMB. NA. 3/11/24: HOJA YA KUMWONDOA BW. OSTERHAUS
Hoja ililetwa na Bw. Pomeroy. Mwenyekiti alisema lazima mtu aonekane amewajibika. Kura za ndiyo mbili. Bw. Hatch, aliyekuwa mmoja wa waamuzi siku ya mechi hiyo, hakuinua mkono upande wowote. Hoja ilipita.

KUMB. NA. 4/11/24: REFA MBADALA
Mwenyekiti alimpendekeza Bw. Hatch, anayemfuata Bw. Osterhaus kwa uzoefu na ambaye ameisubiri kofia nyeupe muda mrefu. Bw. Hatch alijibu:

"Siwezi. Mimi ndiye niliyemwambia aiokote. Nilikuwa mbali, mgongo wa mchezaji ukanizibia, jezi sikuiona. Nilidhani msichana kaingiwa na woga."

Bi Kubik alisema: "Sikuwa na woga, Wendell. Nilikuwa na bendera."

Bw. Osterhaus alimwambia Bw. Hatch kwamba hakulazimika kusema. Bw. Hatch alimjibu: "Ningeivaaje kofia yako, Leland?"

Mwenyekiti alishauri kura irudiwe. Bw. Osterhaus alikataa. Alieleza kwamba alisikia watu wawili, mmoja aliyeona na mmoja ambaye yeye mwenyewe amemzoea, akamfuata huyo wa mazoea. "Hilo ni langu. Uamuzi ubaki."

Iliamuliwa waamuzi waombwe kutoka kanda ya kusini, na Bi Kubik awe pamoja nao, kwenye mstari wake uleule.

KUMB. NA. 5/11/24: KUFUNGA
Mwenyekiti aliomba maneno ya Bw. Hatch yafupishwe, kwa kuwa ofisi ya ligi itayasoma. Bw. Hatch alikataa, Bi Kubik akamuunga mkono. Yameandikwa yalivyosemwa.

Bw. Osterhaus aliuliza tiketi ya jukwaani kwa siku ya fainali inanunuliwa wapi. Hakuna mjumbe aliyejua.

Wajumbe walitawanyika saa 5:10 asubuhi.

V. Stahl, Mwenyekiti
A. Lindgren, Katibu