Unapungua Nikiwa Mbali

Matisi, Kitale
Jumamosi jioni

Mama Nafula mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Nasema umeketi kwa sababu siku hizi kila ninapokutafuta naambiwa uko barabarani. Je, magoti yanaendeleaje? Presha imepimwa tena? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa si kwa kiasi ambacho ningependa, na sababu yake utaisoma hapa chini. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Katika simu wewe hucheka kabla sijamaliza sentensi, na mambo niliyo nayo leo hayataki kuchekwa.

Nianze na ile asubuhi niliyokupigia kabla ya kwenda darasani. Ulipokea, nami nikasikia pumzi zako zikipanda na kushuka kama za mtu anayefukuzwa. Kabla sijauliza kuna nini, nikasikia sauti ya mwanamume: "Mama Nafula, usisimame! Ongea ukitembea!" Ukacheka. Kisha ukaniambia, "Baba Nafula, ngoja kwanza tumalize huu mlima." Ukakata simu.

Mlima gani, mke wangu? Nimeishi Bumula tangu nizaliwe na sijawahi kuuona.

Najua sauti ile ilikuwa ya Simiyu. Tulifundisha shule moja kwa miaka mingi, mimi Kiswahili, yeye michezo, na hata wakati ule alikuwa na tabia ya kuwapigia filimbi watu wasio wanafunzi wake. Sasa amestaafu kama mimi. Ni mgane, kwa kuwa marehemu mkewe tulimzika sote, na nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Sikujua kwamba mtu uliyemsaidia kubeba jeneza atakuja kukutembezea mke alfajiri.

Usiniambie nimesahau jinsi jambo hili lilivyoanza. Nakumbuka vizuri. Tulikaa pamoja mbele ya yule daktari wa Bungoma, akatupima sote wawili, akaweka kalamu mezani. Akakuambia magoti yako yanabeba mzigo usio wao. Akaniambia damu yangu inasukumwa kwa nguvu mno. Akasema hataki tufunge wala tujinyime, bali nusu ya sahani iwe mboga, ugali uwe wa kadiri ya ngumi, mafuta na sukari vipungue, na tutembee kila siku mpaka jasho litoke. Tulipotoka nje nilikuambia kwamba mzee wa umri wangu akikonda, watu huuliza kama mkewe ameacha kupika. Jioni ile ile ugali ulioniletea ulikuwa mdogo kama ulioandaliwa mgeni asiyetarajiwa. Nilinuna, nawe ukala mboga zako taratibu kana kwamba sipo.

Muda mfupi baadaye shule hii ya binafsi ya Kitale ilinihitaji, nikaja. Nilidhani ningekuacha nyumbani nikukute vile vile.

Halafu binti yetu Nafula akanitumia ile picha ya harambee ya kanisa. Niliikuza kwenye simu mpaka ikawa vumbi tupu. Lile gauni la kitenge cha samawati nililokununulia Nafula alipofuzu limepunguzwa kiunoni. Shingo yako imetokea. Na ule mfupa wa begani, mama, mfupa ambao mara ya mwisho niliuona tulipokuwa wachumba, nao umetokea. Mimi nauona katika simu. Kanisa zima linauona bila simu. Nilikaa na picha hiyo mpaka chai ikapoa, na sikujua kama nilikuwa nafurahi au naibiwa.

Wiki iliyofuata alikuja Mama Nekesa, mke wa ndugu yangu, aliyekuwa ameleta ndizi sokoni Kitale. Alinipitia hapa Matisi akiwa na kopo la unga wa wimbi ulilomtuma anipe. Nilimkaribisha, nikamtolea kiti. Hata hajaketi vizuri alianza:

"Shemeji, bibi yako amerudi usichana, bana! Ukimwona kwa nyuma utadhani ni Nafula."

"Ni nani anayemwona kwa nyuma?" nikamuuliza.

"Si sisi tunaotembea na yeye! Yeye huenda mbele na mwalimu wa filimbi. Sisi wanono tunafuata tukililia magoti yetu."

Nikamuuliza kama mwalimu wa filimbi hufika nyumbani kwangu.

"Haa, shemeji! Si alikuja Jumapili ile tulikula kuku? Mama Nafula alichinja ile jogoo nyekundu, ati kushukuru kikundi. Mwalimu akaingia mpaka jikoni kutuonyesha vile mboga inapikwa na mafuta kidogo. Mwanaume na mwiko! Tulicheka mpaka machozi."

Mama Nafula, kwetu mwanamume haingii jikoni mwa mke wa mwenziwe. Sikujali mafuta yalikuwa kidogo au mengi. Lakini swali langu lilikuwa jingine, nawe unalijua, kwa maana umenipakulia kwa miaka yote hii na hujawahi kukosea. Kuku akichinjwa katika boma, firigisi ni ya mwenye boma. Haigawanywi, hapewi mgeni, hata mchungaji akija. Basi nikauliza kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza:

"Na firigisi ilikwenda wapi?"

Mama Nekesa akafikiri. "Firigisi? Mimi sikuiona kwa sahani ya mtu. Labda mwalimu aliilia huko huko jikoni."

Alisema hivyo huku akijifunga leso aondoke, kama mtu aliyetaja bei ya ndizi. Nilimsindikiza mpaka njiani, nikarudi, nikalichukua lile kopo la wimbi nikalisukuma chini ya kitanda. Nilijua ni unga wa uji usiotiwa sukari. Nilijua ni mafunzo ya Simiyu yamenifuata mpaka Kitale. Sikulifungua.

Nimekuwa na wivu tangu siku hiyo, na sitaki kutumia neno laini zaidi. Nilikuonea wivu wewe kwa kupungua, nikamwonea Simiyu wivu kwa kukuona ukipungua, nikaionea wivu hata ile barabara ya Bumula.

Kesho yake nikaenda kujipima. Karibu na soko kuna mwanamke anayepima watu uzito kando ya njia. Nilipanda mizani yake, nikatazama chini, nikamwambia imeharibika. "Mzee, vua koti," akasema. Nikavua. "Vua viatu." Nikavua. "Hebu weka mwavuli chini na utoe hiyo kofia." Nikafanya hivyo vyote. Akainama akasoma, akaniangalia kwa huruma. "Sasa ni wewe tu, mzee. Hakuna kitu ingine ya kuvua."

Ndipo nilipoanza kutembea. Nataka ujue ukweli: sikuanza kwa ajili ya presha. Nilianza kwa sababu sikukubali kwamba Simiyu anaweza kupanda mlima, hata usiokuwepo, nami nisiweze.

Natoka hapa Matisi kukiwa bado na ukungu, naelekea mjini, nageuka narudi kuoga na kwenda darasani. Siku za kwanza nilikuwa nikisimama kila nguzo ya stima nikijifanya nasoma matangazo. Waendesha bodaboda waliniita, "Mzee, panda! Mbona unatembea kama umenyang'anywa gari?" Mmoja alinifuata pole pole akiamini nitachoka na kumpa kazi. Alikuwa karibu kushinda. Sasa wamenizoea. Wananipisha, na wengine hunisalimu kwa heshima.

Kula ndiko kulikonishinda zaidi. Unamjua kwa kusikia Mama Njoki, mwenye nyumba hii, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima huku Trans-Nzoia. Ndiye anayenipikia jioni. Viazi vyake huelea katika mafuta, na chapati zake hukunjwa mara mbili ili zitoshe sahanini. Nilipomwomba anipe sukuma wiki nyingi na ugali mdogo, aliweka mikono kiunoni.

"Mwalimu, umeokoka ama wewe ni mgonjwa?"

"Ni agizo la daktari."

"Daktari alikuambia mwezi gani?"

Nikamtajia. Akacheka. "Na amri imefika leo? Ama kuna mtu amekuonyesha picha?" Mwanamke huyu aliiona simu yangu mezani siku ile, na hana haya. Lakini alifanya nilivyomwomba. Anachemsha maharagwe bila kuyazamisha katika mafuta, ananikatia parachichi kipande, na chai ananipa bila sukari, huku akinitazama ninavyokunja uso. Usiku nilikuwa nalala nikiota ugali wako. Sasa sioti tena. Mshipi wangu umeongezwa tundu kwa msumari, na ngazi za darasa la nane nazipanda bila kushika ukuta. Walimu wenzangu wananiuliza faraghani kama naumwa. Nawaambia ninakula vizuri. Hawaniamini.

Nimeandika hadi hapa na taa inafifia. Nilikusudia kumaliza kwa kukuagiza uache kutembea na kikundi hicho mpaka nije. Nitalala kwanza, agizo niliandike asubuhi kwa mkono uliotulia.

Jumapili, baada ya ibada

Sikuandika agizo hilo, na nitakueleza kwa nini.

Asubuhi hii Mama Njoki aliishiwa na unga wa uji. Akaniuliza kama nina wowote. Nikamwambia kuna kopo chini ya kitanda, alichukue lote, mimi silihitaji. Akalichukua. Baada ya muda mfupi nikasikia akiita kutoka jikoni:

"Mwalimu! Kuja uone! Bibi yako ameficha nini hapa ndani?"

Nilikwenda, nikasimama mlangoni. Katikati ya unga palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa uzi wa kushonea. Kabla hakijafunguliwa nilishajua. Moshi wa jiko letu una harufu yake, na harufu hiyo ilijaa jikoni mwa mtu mwingine huku Kitale. Ndani palikuwa na firigisi moja, imetiwa chumvi na kukaushwa juu ya meko mpaka ikawa nyeusi na ngumu.

"Kipande kimoja tu hivi?" Mama Njoki akasema. "Sisi tungetuma mguu."

Nikamweleza firigisi ni ya nani. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na wewe umeilalia siku hizi zote ukinuna?"

Nilikwenda kuketi kitandani na kile kifurushi. Hukumwambia Mama Nekesa alichokibeba, na ulifanya vyema, maana angekitangaza katika kila kituo. Hukuniambia hata mimi. Ulijua kwamba nikiutoa unga nitakikuta. Hukujua kwamba mumeo anaweza kuliogopa kopo la unga.

Niliiloweka katika maji moto, nikaikata vipande vidogo, nikaila bila mafuta. Ilikuwa ngumu. Niliitafuna kwa muda mrefu sana, karibu nichelewe kanisani, na sikumpa mtu hata kipande.

Kwa hiyo swali la firigisi nalifunga. Ukurasa wa jana sitauchana, kwa kuwa nilikuwa na haki ya kuuliza. Usidhani, hata hivyo, kwamba wivu umekwisha. Umepungua tu, kama tumbo langu, na bado nauona nikijitazama kwa upande. Jikoni Simiyu asiingie tena. Mboga za mafuta kidogo nitakuonyesha mimi, nimejifunza kwa kumtazama Mama Njoki nikiwa mlangoni. Lile gauni usilipunguze tena kabla sijaliona kwa macho yangu. Na shule ikifungwa, asubuhi ya kwanza nitakayoamka Bumula, nitavaa viatu niende nanyi. Mahali pa mbele, kando yako, ni pangu. Simiyu na filimbi yake wanaweza kufuata nyuma na wanono.

Nisalimie mama yangu, umwambie asihofu akiniona. Nimekonda kwa hiari. Msalimie Nafula na mkwe wetu, na umkataze Nafula kunionyesha picha nyingine bila kunionya. Mwambie ndugu yangu atengeneze lango la ng'ombe. Mama Nekesa mpe asante za wimbi, bila maelezo. Hata Simiyu msalimie, ukiwa mbali naye kidogo.

Jambo la mwisho. Nimejipima tena kwa yule mwanamke wa mizani. Nimepungua, lakini wewe umenitangulia sana, na huenda siku ile pumzi ikanishinda katikati ya huo mlima wenu. Nikibaki nyuma, usisimame, mama. Endelea, maana daktari alisema tutembee mpaka jasho litoke. Ila ugeuke unitazame.

Mumeo,
Baba Nafula