Nilipomfuata Kasa

Dada mpendwa,

Mtoto hajambo? Mama amefurahi kusikia ana nywele nyingi. Huku kwenye hifadhi ya bahari bado naosha miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia ya wageni, ila jana mwalimu wa kuzamia alituingiza majini sisi wanagenzi. Sharti ni moja: mnaogelea wawili wawili, na usimwache mwenzako. Nilipangwa pamoja na Chiriku, yule rafiki yangu asiyenyamaza hata akiwa na mrija mdomoni.

Mara nikamwona kasa juu ya matumbawe. Nikamfuata. Nilipoinua kichwa, Chiriku alikuwa mbali, analia na kuniita.

"We binti, mwenzio umemwacha na nani?" mwalimu alifoka. Tulipofika ufukoni akasema, "Lakini maji unayaweza. Ukitaka kazi ya kuongoza wageni, ipo."

Sasa sijielewi, dada. Nilikuahidi nitakuja kukulelea mtoto ili urudi kazini, na begi langu liko mlangoni. Ila nilipomfuata yule kasa sikugeuka nyuma hata mara moja, na nilikuwa na raha. Mtu kama mimi utamwachia mwanao?

Ni mimi mdogo wako, masikio bado yamejaa maji.