Kando, Mathe

Jumapili.

Sikumgusa hata. Nimejiambia hivyo kutoka Nyandarua mpaka hapa Sarang'ombe, na haisaidii.

Pale soko la Toi nabeba mitumba kwa baiskeli kila siku. Usipopiga kelele "Kando!" hupiti. Lakini leo nilikuwa mlimani na Brayo, beshte yangu, tumeenda tu kuendesha baiskeli. Barabara ya changarawe, hakuna gari hata moja, pana hata lori mbili zingepishana. Mbele yangu mama mzee na kuni zake mgongoni, anatembea pembeni kabisa.

"Kando, mathe!"

Akaruka, akaanguka mtaroni na mzigo wote.

Nikarudi kumwinua. Sijafungua mdomo, akasema, "Pole, kijana. Nimekuzuia njia."

Nikamjibu, "Ni sawa."

Mimi. Nikamsamehe yeye.