Uzi wa Gunia Kwenye Noah ya Mama Neema

Jumanne, Chamwino

Noah ya Mama Neema imewaka, ila nusu ya siku nimeitupa mwenyewe.

Gari lilikuwa linazimika ghafla njiani Mama Neema akienda kazini Mtumba. Mashine ya kupimia ikaonyesha sensa, kihisio cha injini, haisomi. Nikaufuata waya wa sensa, nikakuta umeungwa na kufungwa kwa uzi wa gunia. Anayefunga hivyo namjua. Ni mdogo wangu Yona, aliyefungua gereji yake baada ya kugombana na mimi.

"Nani kaharibu?" Mama Neema akauliza.

"Mdogo wangu. Anafunga waya kama anashona gunia la alizeti."

Akaguna, akapanda bodaboda kwenda kazini.

Nikaukata ule uzi. Ndani shaba inang'aa, risasi ya kuungia safi kabisa. Tatizo halikuwa hapo.

Ikabidi nitafute kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Kwenye gari hili imejificha nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Waya wake unaoshikana na bodi ya gari ulikuwa umelegea, bolti imejaa kutu. Nikasugua, nikakaza. Injini haikuzimika tena.

Jioni nilimwambia Mama Neema kwamba Yona hakukosea.

"Sasa unaniambia mimi? Mwambie yeye," akasema.

Nimempigia, nikamwambia kiungo chake hakikuwa na kosa. Tangu tugombane hatukuwa tumeongea. Hakuuliza habari za nyumbani. Ameuliza tu kama ule uzi ulikuwa umeoza.

Nikamwambia ulikuwa bado imara, hadi nimeukata kwa kisu.