Goti la Mama na Mafuta ya Mbuni

Mama,

Uji uko kwenye chupa. Barafu ya goti iko kwenye friza, chini ya samaki. Izungushie taulo kwanza. Mwanao anarudi mchana, usimngoje kula.

Asubuhi uliposema hutaki tena operesheni, kwa kuwa umesoma kwenye simu kwamba goti la bandia likigusa sakafu linavunjika, nilikufokea. Nisamehe. Ulikuwa unaiwazia rozari yako, utaisalije bila kupiga magoti, na mimi, nesi mzima, nikapandisha sauti.

Ukurasa wenyewe nimeusoma sasa hivi. ~~Usiguse tena hiyo intaneti.~~ Soma tu, Mama, ila shuka mpaka mwisho uone: wanauza mafuta ya mbuni ya kuchulia magoti! Wodini kwetu nimeona wengi wakipona na kupiga magoti tena, juu ya mto. Goti la bandia huuma kidogo, lakini halivunjiki. Alhamisi muulize daktari mwenyewe, ndipo uamue.

Tangu niolewe sijawahi kutoka bila kukupigia magoti nikuamkie. Leo umejifungia chumbani, na mimi nachelewa kazini. Basi ujue kiti hiki sijakikalia. Nimeandika yote haya nikiwa nimepiga magoti hapa mezani.

Shikamoo, Mama.

Mkweo,
Verediana