Milango Isiyo na Nyumba

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Na kile kikohozi kimekuacha? Huku miili ni mizima, tunashukuru, ila furaha imetuhama. Ule ujumbe wangu wa simu kwamba usitume kitu mpaka usome barua hii lazima ulikutisha. Niwie radhi. Ningekupigia, lakini ningelia tu, nawe ungedhani tumefiwa.

Ni habari ya zile nyumba za ghorofa, ambazo Baba alikusihi nawe ununue moja.

Muuzaji alikuja karakanani kwa Baba kuagiza milango. Tulimbandika jina la Tabasamu, maana meno yake yalifika kabla yake. Alimwambia Baba kwamba anajenga ghorofa, na kwamba haifai fundi atengeneze milango ya watu naye asiwe na wake humo. Akampeleka kuona nyumba ya mfano. Unamjua mzee wako: hakutazama kuta wala mabomba. Aligonga mlango, akapapasa bawaba, akafungua, akafunga, akarudi akitangaza kwamba mtu anayetundika mlango namna ile hawezi kuwa mwizi. Mama alimuuliza kama ng'ombe naye hununuliwa kwa kusikiliza kengele. Tulicheka sana siku hiyo.

Mimi dalili niliziona, na nilisema. Tuliambiwa zimebaki nyumba mbili tu, tufanye haraka. Miezi ikapita, bado zimebaki mbili. Niliuliza kwa nini fedha ziingie kwenye simu yake mwenyewe badala ya benki ya kampuni. Niliomba namba ya kiwanja nikaulize ofisi ya ardhi. Tabasamu alicheka, akaniambia kwamba ukimchunguza sana kuku, humli. Baba alinikemea palepale kwa kumvunjia mgeni heshima. Wiki ileile akatoa akiba yote ya uzee, yake na ya Mama.

Ikawa kila nikipita pale kiwanjani naona rundo lilelile la mchanga, limeota majani. Mwishowe nilikwenda ofisi ya ardhi bila kumwambia mtu. Wakaniambia kiwanja kile kina wenyewe, tena wana kesi mahakamani. Ile nyumba ya mfano nayo ilikuwa ya kupangisha; mwenye nyumba alishangaa kusikia inauzwa. Na milango aliyoagiza Tabasamu imeegemezwa sebuleni kwetu, Mama akienda jikoni anapita upandeupande.

Nilipomweleza Baba, nilidhani atabisha. Hakubisha. Aliweka randa chini, akakaa juu ya maranda, akaniambia kwamba alikuwa anajua. Kaka, alijua kabla hajakupigia simu. Alikuwa amekwenda kudai fedha zake, na Tabasamu akamwambia atarudishiwa zote iwapo ataleta mnunuzi mwingine. Akakuleta wewe. Anasema alijipa moyo kwamba akishalipwa atakurudishia kabla hujagundua. Alilia, na mimi sikuwahi kumwona Baba akilia, hata siku alipomzika mama yake.

Sikuandikii ili umchukie. Hasira ninayo, sikufichi. Jana nilimtengea chakula bila kumtazama usoni, kisha nikaona hakigusi, nikaona aibu. Kesho tunakwenda polisi pamoja naye, na ameahidi kueleza yote, hata hilo la kwako. Wewe usitume hata senti, na Tabasamu akikupigia usimjibu. Na siku ukinunua nyumba popote duniani, nenda kwanza kaulize mwenyewe kiwanja ni cha nani, hata kama muuzaji umeletewa na mzazi wako. Nimeumia sana kuiandika sentensi hiyo.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae nguo nzito na usiruke mlo. Fundi viatu jirani yetu naye anakusalimu, anauliza utarudi lini umlipe ile soda.

Baba hakutoa salamu. Anasema hana uso wa kukusalimu. Amekaa hapa mkabala nami tangu nianze kuandika, na kila mara ananiuliza kama nimefika pale penye habari yake. Nimemwambia nimeshapita. Ndipo ameniomba nikuulize kama bado utamwita Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba