Landrova Iliyogoma Siku ya Mazishi

Sindeni, 4 Mei 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama mdogo Serafina na goti lake. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekatika mapema. Mahindi ya bondeni yatatoka, ya juu sina hakika. Nimeandika kwa sababu simu huisikii, masikio uliyaacha kwenye mashine za mkonge, na jambo lenyewe si la kumtuma mtu akupigie kelele. Kondakta wa basi la asubuhi atakufikishia.

Jana nimeitoa Landrova ya baba kwenye magugu. Tumeivuta kwa trekta. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma, na chini ya kiti cha dereva kulikuwa na gamba la nyoka. Matairi yote manne hayafai. Chesisi, ile fremu ya chini, ni nzima, isipokuwa kipande kimoja cha nyuma kimeliwa na kutu. Nimeiweka kando ya kibanda cha mashine yangu ya kusaga na nitaitengeneza hapo hapo.

Nasikia unataka kuwauzia watu wa vyuma chakavu. Sikubali. Baba aliliendesha gari hilo miaka kumi na tisa akiwa dereva wa shamba la mkonge, shamba lilipofungwa akalinunua, akaliendesha mingine kumi na mitano. Mimi nataka kubebea machungwa na mahindi kuleta sokoni Korogwe. Kadi ya gari iko kwako. Naomba uitume.

Mwanao,
Fausta


Korogwe, 13 Mei 2024

Fausta mwanangu, marahaba.

Barua nimeipata. Sisi wazima. Goti la mama yako mdogo liko pale pale, anakusalimu, anauliza kama yule mbuzi amezaa.

Kadi siitumi. Ile Agosti ya mwaka 2021 tulipomzika kaka Abraham, gari lile asubuhi lilikwenda kumchukua padri na likarudi bila tatizo. Tulilifuta vumbi, jeneza likawa tayari kupakiwa. Saa saba likagoma. Tulisukuma watu kumi na wawili, likagoma. Tukambeba kaka mabegani kilomita tatu hadi makaburi ya kigango, na wewe ulitembea nyuma na akina mama. Kila mtu alisema gari limekufa na mwenyewe. Kilichokufa hakitengenezwi.

Lori la vyuma chakavu litakuja hapo kwako Jumamosi tarehe 29 Juni. Mkubwa wa ukoo sasa ni mimi na sijaomba maoni.

Tena nimeambiwa unalala chini ya gari umevaa suruali ya marehemu mumeo. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili. Wateja wa unga watakukimbia.

Baba yako mdogo,
Dominiko


Sindeni, 8 Juni 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Naamini mnaendelea vizuri. Hapa tunavuna. Mwambie mama mdogo mbuzi amezaa mapacha, mmoja dume.

Suruali ni ya marehemu kweli. Sketi inanasa kwenye jeki. Wateja hawajakimbia. Husna jirani yangu alisema mbele ya foleni nzima kwamba napaka jeneza rangi. Nikamjibu kuwa siku likiwaka yeye atapanda wa mwisho. Walicheka, wakasaga, wakaenda zao.

Nimekwisha badilisha mabomba ya breki na kuunga chesisi. Matairi nimepata yaliyotumika lakini mazuri. Tangi nililisafisha kwa kutia kokoto na maji ndani, nikalitikisa mpaka kutu ikatoka. Kosa langu lilikuwa kwenye injini. Mimi nimezoea mashine ya kusaga, ambayo ni ya dizeli na haihitaji cheche. Hii ya petroli nikaifungua kwa akili ya dizeli. Nikabadilisha pampu, nikaweka gasketi mpya, wiki tatu natafuta mafuta yanapotelea wapi. Mafuta yalikuwa yanafika. Cheche ndiyo haikuwepo.

Jumatano nikamwita fundi Eliasi kutoka Handeni. Alifungua kifuniko kimoja tu akaniuliza, "Dada, rota umeiweka wapi?" Rota ni kipande cha plastiki cha ukubwa wa kidole gumba, ndicho kinachogawa cheche kwenye plagi. Kisipokuwepo mtasukuma kijiji kizima.

Kifuniko chake kina vibanio viwili na vyote vilikuwa vimefungwa vizuri. Rota haianguki yenyewe. Mtu alifungua, akaitoa, akafunga. Na kama asubuhi gari lilimleta padri, basi ilitolewa kati ya asubuhi na saa saba. Msimamizi wa msiba ulikuwa wewe. Nani alifungua boneti?

Mwanao,
Fausta


Sindeni, 21 Juni 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Nawaombea afya. Huku tu wazima.

Kondakta ameniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi na ukaisoma umesimama. Siku kumi na tatu hujajibu, kwa hiyo nimeuliza kwingine. Eliasi ndiye aliyenionyesha njia. Alisema kama gari lilizuiwa msibani, niwaulize watani.

Desturi unaijua kuliko mimi. Babu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na Wazigua wakawa watani wetu. Tukifiwa wanatuzuia njia mpaka tujikomboe kwa kitu kidogo, wakifiwa tunawazuia sisi. Na mtani wetu aliyewahi kuwa dereva ni mmoja tu, Mzee Mhina.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Hakuficha. Alisema aliitoa mchana kweupe, akalala juu ya boneti, akatangaza kuwa marehemu alisukuma gari kuliko alivyoliendesha, basi leo nalo limsukume yeye. Waliokuwa uani wakacheka, hata padri, wakidhani kulala ndiyo kizuizi chenyewe; rota hawakuiona ikitoka, na sisi akina mama tulikuwa ndani.

"Nikamwambia Dominiko alete jogoo mmoja tu, kaka yake aondoke kama bwana," alisema. "Akanizaba kofi. Mimi, mtani, msibani. Nikaondoka nayo mfukoni."

Rota anayo, ameifunga kitambaa ndani ya kopo. Siku ya pili nilimpelekea jogoo. Alimpima uzito kwa mkono, akamsifu, akanirudishia. "Jogoo mzuri. Lakini kofi halikutoka kwako."

Baba mdogo, tangu siku ile tumezika mara tatu na hakuna mtani aliyekanyaga. Tulikaa misiba mikavu kama kikao cha serikali ya kijiji. Sisi tukadhani wametusahau.

Rota nyingine nimeinunua Handeni. Jumanne tarehe 18, saa nne na dakika kumi asubuhi, gari limewaka. Lilitoa moshi mweusi, likakohoa mara mbili, likatulia. Nimelizungusha uwanjani mara nne, barabarani sijalitoa. Sikulia. Eliasi ndiye aliyelia, akasema ni moshi.

Ile rota ya zamani mwaweza kuendelea kuigombania ninyi wazee. Mimi nakuambia hivi: lori lisije. Likija litanikuta nimekaa kwenye usukani, na Mzee Mhina kiti cha pili. Amesema atakuja bila kuitwa, na yeyote atakayemuuliza atamweleza kwa nini baba alikwenda kaburini mabegani. Kadi naihitaji. Ruhusa siihitaji.

Mwanao,
Fausta


Korogwe, 27 Juni 2024

Fausta, marahaba.

Hatujambo.

Nilimpiga, kweli. Kaka alikuwa na siku moja tangu akate roho, na yule mtu amejilaza juu ya gari lake anachekesha watu. Najua ndiyo kazi ya mtani. Siku ile sikujua. Nilipopoa na kuelewa kuwa ni yeye aliyelizuia gari, tulikuwa tumeshafika makaburini na watu wameshaanza kusema gari limekufa na mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza. Mimi sikusema uongo, niliuacha usemwe. Baadaye kila nilipopita Sindeni niliyaona yale magugu, nikaona bora liondoke.

Lori nimelizuia. Usidhani umenitisha. Mwenye lori alianza kuniuliza gari lina kasoro gani, nikajikuta namwambia halina.

Jumapili tarehe 30 nitashuka Sindeni na basi la saa tatu. Nitakuwa na jogoo wangu mwenyewe, wako mrudishe bandani. Uje unichukue kituoni kwa gari hilo, twende kwa Mhina. Kadi nitakuwa nayo mfukoni, ukisimamishwa njiani nitaitoa mimi. Mikononi mwako itafika baada ya kwa Mhina, si kabla, na tutakwenda kuandikisha jina lako. Akinitukana kidogo nitavumilia, ni haki yake. Akizidisha, nitamtukana na mimi, nami pia ni mtani.

Nitakaa mbele. Mlango ule uko juu na miguu yangu si ya zamani. Usinishike mkono kunipandisha.

Baba yako mdogo,
Dominiko